Kutu ya bodi kwenye gari la kizamani: dalili, chanzo, na bati la kukata

Ukiona kutu imetoboa rangi, jua shughuli ilianza zamani, tena upande wa pili wa bati. Maji yaliingia mahali, yakateremka, yakapata pembe isiyo na pa kutokea, yakakaa. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya fundi bodi ni kuyafuata maji. Kukata kunakuja baadaye. Mwenye gari huja kidole kimeshaelekeza: "Fundi, nibadilishie hapa." Mara nyingi hapo anapoelekeza ndipo maji yalipoishia. Palipooza zaidi pako juu yake, ndani ya boksi la bati ambalo hakuna aliyelichungulia tangu gari litoke kiwandani.

Haya nayaandika nikifikiria zaidi yale magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, Mustang, Camaro, Charger na wenzao wenye injini kubwa za V8. Malindi si mengi, lakini yaliyopo yana wenyewe, na wenyewe hawasikii la kuambiwa wauze. Mwenye Peugeot 504 au Datsun pikapu pia asome, maana kutu haiulizi gari limetoka nchi gani. Tofauti kubwa ni moja: Mustang karibu kila paneli yake inatengenezwa upya mpaka leo, unaagiza Marekani na kuipokea bandarini Mombasa, wakati bati la 504 mara nyingi utalikunja mwenyewe au kwa fundi wa mageti mwenye mashine ya kukunjia.

Kuhusu hewa yetu, nitasema kidogo tu. Gari linalolala karibu na ufuo, upande wa Silversands au barabara ya Casuarina, linapata chumvi kila usiku bila kutoka nyumbani. Gari lililowahi kufanya kazi Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi hilo ni kesi yake peke yake. Chumvi iliyojificha ndani ya maboksi ya bodi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo hata wakati wa kaskazi, mvua hakuna na vumbi limejaa, ndani ya bati bado kumelowa. Gari la namna hiyo lioshwe ndani ya maboksi kwa maji matamu, zaidi ya mara moja, kabla hujapanga chochote.

Vifaa vya kupimia havina gharama: sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi, bisibisi ya zamani, nyundo ndogo, tochi, na mpira wa maji. Bati zima ukiligonga linalia, puti (ule udongo wa kujazia mashimo ya bodi) inanyamaza. Sumaku ikiteleza bila kushika, chini yake hakuna bati, au liko mbali.

Rangi inavimba mapovu juu ya tao la gurudumu

Tazama kwanza mapovu yako wapi. Yakiwa ukingoni kabisa, pale bati la nje linapokutana na la ndani, chanzo ni matope. Gurudumu hurusha tope, tope linakaa kwenye ule mkunjo, linashika unyevu mwaka mzima. Hapo kipande cha ukingo kinaweza kutosha, mradi na bati la ndani lichunguzwe. Yakiwa juu zaidi, kama upana wa mkono kutoka ukingoni, maji yanatoka ndani: yameingia kwenye dirisha la pembeni la nyuma au chini ya kioo cha nyuma, yakashuka ndani ya ubavu na kukaa juu ya tao. Ukibadilisha ukingo peke yake, povu litarudi palepale.

Magari yaliyofunikwa paa kwa ngozi ya plastiki yana shida hii kupita kiasi. Maji huingia chini ya ile ngozi, na kwa kuwa hayaonekani, yanakula bati kuzunguka kioo cha nyuma taratibu. Camaro na Charger zinajulikana kwa hilo. Urembo wa kromu unaozunguka kioo nao umeshikwa na pini zilizochomelewa kwenye mfereji wa kioo, na kila pini ni mahali pa maji kusimama. Ukiona povu hata moja kwenye kona ya chini ya kioo cha nyuma, ng'oa ule urembo kabla ya kutoa bei. Bei ukiitaja kabla ya kuona mfereji wa kioo, umejipiga mwenyewe.

Tundu likishapatikana, usilipime kwa ukubwa wake. Endelea kukwaruza mpaka ufike kwenye bati linalong'aa pande zote mbili, ndipo uchore mstari wa kukata. Kuna Mustang iliyoletwa kwetu ikiwa na mapovu matatu tu ubavuni, na mazungumzo na mwenye gari yalikwenda hivi:

"Ami, sumaku haishiki hapa."

"Si walipaka puti kidogo, kijana wangu. Kidogo tu."

Grinda ilipopita, ikatoka rangi nyekundu, ikafuata praima (rangi ya msingi) ya kijivu, puti ya waridi yenye unene wa kidole, chini yake wavu wa kuzuia mbu, na nyuma ya wavu gazeti lililokunjwa likajazwa kwenye tundu lisilopungua sahani ya wali. Gazeti lilikuwa limelowa. Ami alilichukua, akalifungua polepole, akatafuta tarehe.

Kapeti la mbele limelowa

Hapa ndipo magari haya yanapowaibia watu pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maji ya sakafuni yana njia tatu za kawaida. Ya kwanza ni raba ya kioo cha mbele. Ya pili ni rejeta ndogo ya hita. Ya tatu ni lile boksi la bati lililo chini ya kioo cha mbele, lenye matundu ya kuingizia hewa, ambalo nitaliita boksi la hewa.

Ya hita utaijua kwa kidole: maji yake yanateleza, yana rangi, na kama kuna kulanti (dawa ya kupozea injini) yananukia utamu. Magari mengi ya huku hita yake ilishafungwa siku nyingi (Malindi hita ya nini?), basi hilo unalivuka haraka. Raba ya kioo utaijua kwa kuangalia nyuma ya dashibodi: michirizi ya kutu inaanzia juu kabisa, kwenye mfereji wa kioo, inashuka nayo.

Boksi la hewa ndilo ugonjwa mkuu wa Mustang za 1965 hadi 1968. Ndani yake kuna matundu mawili, kushoto na kulia, yanayopeleka hewa chumbani. Kila tundu limezungukwa na kola ya bati iliyosimama, kazi yake kuzuia maji ya mvua yasitumbukie. Maji yapite pembeni, yatoke nyuma ya madigadi. Kola zikioza, mvua inaingia moja kwa moja miguuni kwako. Zinaoza kwa sababu ya taka. Majani yanapita kwenye matundu ya juu, yanaoza mle ndani na kushika maji. Na Malindi tuna mvinje. Majani yake membamba kama sindano yanapita kwenye kila tundu bila kugusa kingo. Gari lililoegeshwa chini ya mvinje msimu mmoja, ukitia mkono mle ndani unatoa mboji.

Jaribio lake ni rahisi. Toa kapeti. Mwenzako alale chali ndani, kichwa chini ya dashibodi, na tochi. Wewe mwaga maji polepole kwenye matundu yaliyo chini ya kioo, upande mmoja kwanza, mpira ukiwa umefunguliwa kidogo tu. Usipige kwa nguvu. Maji ya kasi yatapita hata mahali pasipo na tatizo. Akisema "naam, yanakuja," simama, angalia yanatokea wapi, kisha nenda upande wa pili. Mwisho hakikisha maji yanatoka nje nyuma ya kila gurudumu la mbele. Yasipotoka, njia imeziba, na huenda kuziba huko ndiko kulikooza kola.

Dawa kamili ni kulifungua boksi lenyewe: madigadi ya mbele yatoke, boneti itoke, kioo cha mbele kitoke, halafu nukta za kuchomelea za kiwandani zitobolewe moja moja mpaka bati la juu liinuke. Ni kazi ndefu, na ndiyo sababu watu wanaikwepa kwa kubandika vikombe vya plastiki na gundi juu ya kola zilizooza. Vikombe vinasaidia kwa muda. Kwa gari unaloliendesha huku ukikusanya pesa, sina ugomvi navyo. Lakini kubadilisha sakafu nzima na kuacha boksi la hewa limeoza ni kununua sakafu mbili. Nimeyaona magari yenye sakafu mpya, rangi nzuri, na dimbwi juu yake.

Sakafu yenyewe ikifika zamu yake, kumbuka viti na mikanda ya usalama vimefungwa kwenye bati hilo. Mahali pa boliti za viti na mikanda hapawekwi kiraka cha ribiti, wala bati jembamba. Paneli ya kutengenezwa au bati la geji 18, milimita 1.2 hivi, lichomelewe kwenye mihimili iliyo chini yake kwa idadi ileile ya nukta za kiwandani. Mihimili ikiwa imeoza, ianze yenyewe.

Mlango umeshuka, au haufungi mpaka uunyanyue

Wengi hukimbilia bawaba. Ni sawa kuanza nazo, lakini zipime. Fungua mlango, shika mwisho wake, unyanyue na kuushusha. Ukicheza na ukaona pini inatikisika ndani ya bawaba, tatizo ni pini na bushi, vitu vya bei nafuu. Mlango ukiwa mgumu, hauchezi, lakini nguzo nzima ya bawaba inatikisika pamoja nao, nguzo imeoza chini.

Jaribio la pili ndilo la maana zaidi. Funga milango, pima mwanya kati ya mlango na ubavu wa nyuma, juu na chini, andika. Tia jeki chini ya bodi, mbele ya gurudumu la nyuma, inyanyue kidogo. Pima tena. Mwanya ukibadilika kwa namna ya kuonekana na jicho, bodi inajikunja katikati. Mustang haina fremu ya kando. Bodi yenyewe ndiyo fremu. Nguvu yake kubwa iko kwenye yale maboksi marefu ya bati yanayopita chini ya milango, na maboksi mafupi ya pembeni yanayoyaunganisha na chesisi za mbele na nyuma. Camaro ina fremu ndogo mbele iliyofungwa kwa boliti, lakini kuanzia ukuta wa injini kurudi nyuma hali ni hiyohiyo. Gari lisilo na paa la bati ni zaidi, kwa sababu hakuna kitu juu cha kusaidia.

Ukigundua boksi la chini ya mlango limeoza, usikate bado. Gari ukilining'iniza kwa jeki mbele na nyuma kisha ukakata boksi, litajikunja hapohapo, na utachomelea boksi jipya kwenye gari lililopinda. Hutaweza kulirudisha. Egemeza uzito kwenye stendi mahali magurudumu yanapobeba, ardhi iwe ya saruji na sawa. Mchanga wetu unadidimia mguu mmoja usiku na asubuhi vipimo vyote ni vingine. Chomelea vyuma kati ya nguzo ya bawaba na nguzo ya kitasa, kila upande, kimoja juu na kimoja chini. Pima pembe kwa pembe: kona ya juu ya nguzo ya mbele hadi kona ya chini ya nguzo ya nyuma, kisha kinyume chake. Andika vipimo kwa kalamu ya wino mzito kwenye bati lenyewe, maana karatasi hupotea. Kata upande mmoja, maliza, pima, ndipo uende wa pili.

Na maboksi haya huanza kuoza kwa jambo dogo sana. Chini yake kuna vitundu vya kutolea maji. Fundi wa rangi au yule anayepaka lami chini ya gari huviziba bila kujua. Milango nayo ina vitundu vyake ukingoni mwa chini. Waya mwembamba unatosha kuvifungua.

Maji kwenye buti

Kausha buti, mtie mtoto mwembamba mwenye tochi ndani (apende mwenyewe, na ufunguo uwe mkononi mwako), kisha mwaga maji nje hatua kwa hatua: raba ya buti, taa za nyuma, kioo cha nyuma, maungio ya ubavu na bati la mkia. Raba za taa za nyuma ndizo husahaulika. Sehemu za pembeni za sakafu ya buti, zile zinazoteremka nyuma ya magurudumu, ndizo huoza kwanza kwa sababu ziko chini kuliko zote.

Jambo la kuangaliwa mno: kwenye Mustang mpaka ile ya 1970, uso wa juu wa tangi la petroli ndio sehemu ya sakafu ya buti. Hakuna bati jingine kati. Kwa hiyo hakuna grinda wala kuchomelea mle ndani tangi likiwa mahali pake. Litoe, lipeleke mbali na karakana, na shimo lake lifunikwe. Usidanganyike kwamba tangi tupu ni salama. Tupu ndilo la hatari, kwa kuwa limejaa mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa. Toa betri pia, na uwe na ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto karibu na mkono.

Paneli mpya haikai

Paneli za kuagiza si zote sawa. Nyingine zinakaa vizuri, nyingine mkunjo wake uko pembeni kidogo na ule wa gari. Usiichomelee ukitumaini nyundo itamaliza. Ifunge kwa klampu na skrubu ndogo, kisha rudisha kila jirani yake: mlango, buti, taa, bampa, hata kioo ukiweza. Simama mbali utazame mistari. Mara nyingi utagundua kosa haliko kwenye paneli. Mlango ulirekebishwa zamani ufuate ubavu uliopinda, na sasa ubavu mpya ulionyooka unaonekana ndio mbaya. Anza na kilichonyooka, kingine kikifuate.

Ubavu wa nyuma una jambo lake. Pale unapoungana na paa, kiwanda kilijaza risasi, ile metali laini, juu ya mshono. Ukiipasha moto inayeyuka na kumwagika, na ukiisaga kwa grinda unapumua sumu. Iyeyushe taratibu na kuipangusa, barakoa ikiwa usoni, na watoto wasiwepo. Kama sehemu ya juu ni nzima, kata chini ya huo mshono uiache risasi ikae zake. Mwenye msimamo wa kutaka paneli nzima kutoka paa mpaka chini namwelewa, lakini gari likiwa halikugongwa, nusu ya chini inatosha.

Bati linatoboka unapochomelea

Bati limebaki jembamba, basi. Umeungia kwenye kutu. Rudi nyuma ukate mpaka penye unene. Kama bati ni zima na bado linatoboka, mwanya kati ya vipande ni mkubwa, au waya wa mashine ya kuchomelea ni mnene. Kwa bati la bodi waya wa milimita 0.6 unatosha. Kipande cha shaba ukikishikiza nyuma ya mwanya kinanyonya joto na hakishikani na mshono.

Usitumie mabati ya kuezekea. Geji 30 ni kama theluthi moja ya milimita, na bodi ya gari hizi inataka geji 18 mpaka 20. Tena yamepakwa zinki, na moshi wa zinki ukiuvuta mchana, usiku unatetemeka kwa homa ukidhani ni malaria. Maziwa wanayokunywa mafundi hayaondoi hilo. Saga zinki kwanza, fanya kazi penye hewa, vaa barakoa.

Na bati lisafishwe kwa kitu kinachojulikana. Zile dawa za kopo za kusafishia breki zenye klorini, zikipata mwale wa kuchomelea, hutoa gesi ya kuua. Soma kopo.

Mshono una vitundu vidogo kama sifongo

Kama bati ni safi na halina rangi wala mafuta, mshukiwa ni upepo. Mashine ya kuchomelea ya MIG inafunika mshono kwa gesi, na upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini unaipeperusha kabla haijafanya kazi. Fundi huona vitundu, anaongeza gesi, vinazidi. Vinazidi kwa sababu gesi ya kasi mno inavurugika na kuvuta hewa ndani yake. Iache kati ya lita 10 na 15 kwa dakika, na uzuie upepo wenyewe kwa turubai au plaiwudi pande mbili. Kama karakana ni uwanja wazi, chomelea asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, au tumia waya wenye dawa ndani usiohitaji gesi, kwa sakafu na mihimili tu, kwa vile una joto zaidi na unarusha cheche nyingi.

Mshono ukikaa juu juu tu, haujashika, angalia waya wa umeme. Ekstensheni ndefu nyembamba iliyovutwa kutoka dukani kwa jirani inapunguza nguvu ya mashine, hata ukizungusha kitufe mpaka mwisho.

Bati limepinda, ukilibonyeza linalia "tuk" na kurudi

Umelipa joto jingi mahali pamoja. Bati likipata moto hutanuka, lakini limezungukwa na bati baridi lisilosogea, kwa hiyo linajisonga lenyewe. Likipoa linanywea kuliko lilivyokuwa. Mshono umekuwa mfupi na unavuta pande zake.

Kinga: nukta moja hapa, nyingine mwisho wa pili, nyingine katikati, uguse kwa mkono kabla ya kurudi jirani. Mkono ukikataa kukaa, na wewe kataa kuchomelea. Kuna wanaopuliza hewa au kupitisha kitambaa kilicholowa. Mimi nasubiri, nafanya upande mwingine wa gari. Dawa baada ya kosa: weka chuma kizito nyuma ya mshono na ugonge nukta kwa nyundo bapa, kila moja, ili zitanuke tena. Gonga mshono wenyewe, usigonge bati la pembeni. Na diski ya grinda isilale mahali pamoja, joto lake linapinda bati kama la mashine.

Kwa bati la nje ungia ncha kwa ncha. Kupandisha bati moja juu ya jingine ni rahisi, lakini katikati yake unabaki mfuko mwembamba wa kuvuta maji. Sakafuni kunaruhusiwa, mradi pande zote mbili zizibwe kwa sila, ile gundi ya kuzibia maungio.

Kutu imerudi chini ya rangi mpya

Chunguza mstari wake. Ikifuata mshono, nyuma ya mshono hakukupakwa kitu. Kuchomelea huunguza kila rangi iliyo upande wa pili, na hapo ndipo bati liko uchi zaidi. Kabla ya kufunga boksi lolote, bati la ndani lipakwe praima ya zinki inayostahimili moto wa kuchomelea, na baada ya rangi nta ya kopo ipulizwe ndani kwa mrija kupitia vitundu vya maji mpaka itokee upande wa pili. Oili chafu ya injini, ambayo wazee wanaipenda, inasaidia kiasi, lakini inakula raba na bushi, na palipoguswa nayo rangi haishiki. Na asije mtu akachomelea hapo baadaye.

Ikitokea madoadoa kila mahali, bati lilikaa uchi. Hapa kwetu bati lililosagwa jioni linaamka na rangi ya chungwa. Palipobaki uchi pasilale bila praima ya epoksi. Ile praima ya kawaida ya kijivu haizuii maji, inayapitisha. Gari lililokaa nayo miezi uwanjani likisubiri pesa ya rangi linaoza chini yake huku likionekana liko kazini. Puti nayo inanyonya unyevu. Ipakwe juu ya epoksi, na isagwe kwa msasa mkavu. Kama maji ni lazima, yawe ya mfereji yanayotoka Baricho. Maji ya kisima cha karibu na bahari yana chumvi yake, na utakuwa umeipaka chumvi kwa mkono wako kisha ukaifunika.

Dawa za kugeuza kutu nazitumia kwenye vijishimo vidogo vidogo vya bati ambalo bado ni nene. Kwenye bati lililotoboka hazina kazi.

Rangi imekauka na ukungu mweupe

Unyevu wa hewa umeshika kwenye rangi ilipokuwa ikikauka haraka, hasa rangi za zamani za nitro. Usipulize asubuhi umande ukiwa bado kwenye boneti, wala mvua ya masika ikiwa imetoka kupita. Subiri mpaka saa nne au saa tano, toa maji kwenye tangi la kompresa, na tumia thina inayokauka polepole. Ukungu ukishaingia, mara nyingi koti jepesi la thina hiyo hiyo ya polepole linaufungua. Ukigoma, msasa laini na koti jingine, mchana.